Kupanga na Kutunza Mafaili ya Kompyuta kwa Amri

1. Kumbukumbu zisizopatikana mara mbili

Katika somo lililopita ulijifunza kupima mvua. Uliona kwamba kipimamvua husomwa kila siku saa 3 asubuhi, na kwamba kipimo huandikwa kwa milimita. Sasa fikiri juu ya jambo hili. Ukipoteza kalamu, unaweza kununua nyingine. Ukikosea hesabu, unaweza kuifanya tena. Lakini ukipoteza kipimo cha mvua ya jana, huwezi kukipata tena kwa kupima, maana maji yale yamekwisha mwagwa, na mvua ile haitanyesha mara ya pili.

Mkulima anayetaka kujua masika huanza lini katika kijiji chake huhitaji vipimo vya miaka mingi. Vipimo vya mwaka mmoja havimwambii mengi. Kwa hiyo kumbukumbu za mvua hazina budi kutunzwa vizuri, hata baada ya wanafunzi waliozipima kumaliza shule na kwenda zao.

Zamani kumbukumbu hizo ziliandikwa katika madaftari tu. Siku hizi shule nyingine huziandika pia katika kompyuta. Kompyuta yaweza kutunza kumbukumbu nyingi mahali padogo, na yaweza kuzitafuta upesi. Lakini kompyuta yaweza vilevile kuzipoteza zote kwa kufumba na kufumbua, ikiwa anayeitumia hajui anachoiamuru. Katika somo hili utajifunza kupanga, kunakili na kufuta mafaili ya kompyuta kwa kuandika amri. Utajifunza pia namna ya kujihadhari.

2. Faili, saraka na njia

Tazama kabati lililomo katika ofisi ya Mwalimu Mkuu. Ndani ya kabati mna rafu. Juu ya kila rafu yamepangwa majalada, na ndani ya kila jalada mna karatasi. Mwalimu akitaka barua fulani, hafungui kila jalada. Anajua rafu ipi, jalada lipi, na karatasi ipi.

Kompyuta nayo hupangwa hivyohivyo. Maandishi, picha au hesabu zilizowekwa pamoja na kupewa jina moja huitwa faili. Mahali panapotunza orodha ya mafaili huitwa saraka. Watu wengi huita saraka kwa jina la folda. Ni kitu kilekile. Ndani ya saraka moja mnaweza kuwa na mafaili mengi, na pia saraka nyingine ndogo. Ndani ya saraka hizo ndogo mnaweza kuwa na nyingine tena.

Kwa kuwa saraka huwa ndani ya saraka, kila faili lina anwani yake. Anwani hiyo huitwa njia. Fikiri jinsi tunavyotaja mahali anapokaa mtu: tunataja mkoa, halafu wilaya, halafu kata, halafu kijiji. Tunaanza na mahali pakubwa na kuishia padogo. Njia ya faili huandikwa vivyo hivyo. Tazama mfano huu:

    /home/darasa6/mvua/mvua-2024-03.txt

Alama ya mkwaju iliyo mwanzoni kabisa ndiyo saraka kuu, ambayo ndani yake mna saraka nyingine zote. Ndani yake mna saraka iitwayo home, ndani ya home mna darasa6, ndani ya darasa6 mna mvua, na ndani ya mvua mna faili liitwalo mvua-2024-03.txt. Mikwaju mingine hutenga jina moja na jingine.

3. Amri

Watu wengi huendesha kompyuta kwa kugusa au kubonyeza picha ndogo juu ya kioo. Njia hiyo ni rahisi. Lakini iko njia nyingine ya zamani zaidi, ambayo bado hutumiwa kila siku na wataalamu duniani kote. Njia hiyo ni kuandika amri kwa herufi.

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta ulioitwa Unix. Wakati ule watu wengi walizungumza na kompyuta kwa kutumia mashine za kupiga chapa zilizochapa juu ya karatasi. Mashine maarufu ya aina hiyo, Teletype Model 33, ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde. Mashine zikiwa nzito na za polepole namna hiyo, amri fupi zilipunguza kazi. Ndiyo maana amri nyingi utakazojifunza zina herufi mbili au tatu tu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini, alitoa Linux, mfumo unaofuata mwendo wa Unix. Amri za somo hili ni za kompyuta zinazotumia Linux. Kompyuta zenye mfumo wa Windows zina amri zao, na baadhi hutofautiana na hizi.

Ili uandike amri, fungua programu iitwayo terminali. Litatokea dirisha tupu lenye alama kama hii:

    $

Alama hiyo maana yake ni kwamba kompyuta inangojea. Andika amri mbele yake, kisha bonyeza kitufe cha Enter. Kabla hujabonyeza kitufe hicho, amri yako haijatendeka. Unaweza kuisoma tena na kuisahihisha. Baada ya kukibonyeza, kompyuta hutenda.

Angalia jambo hili kwa makini. Ukimtuma mdogo wako akuletee kikombe, naye akakuta kikombe kina maji, atakuuliza: "Niyamwage?" Mdogo wako anafikiri juu ya nia yako. Kompyuta haifikiri juu ya nia yako. Inasoma ulichoandika, na kutenda hichohicho, hata kama ulikuwa na maana nyingine.

4. Niko wapi? Kuna nini?

Mtu aliyeingia katika nyumba yenye vyumba vingi gizani hawezi kuanza kusogeza vitu. Kwanza atajiuliza yuko chumba gani, na mna nini humo. Amri mbili za kwanza hujibu maswali hayo.

Andika:

    pwd

Kompyuta itajibu kwa kuandika njia ya saraka uliyomo. Kwa mfano:

    /home/darasa6

Sasa andika:

    ls

Kompyuta itaorodhesha majina ya vitu vilivyomo katika saraka hiyo:

    barua.txt
    jaribio.txt
    mvua-2024-03.txt
    mvua-2024-04.txt
    mvua-2024-05.txt

Huenda majina yakapangwa kwa safu badala ya kushuka chini, si kitu. Amri hizi mbili hazibadili chochote. Unaweza kuziandika mara mia kwa siku bila kudhuru faili lolote. Kwa hiyo uzitumie mara nyingi, hasa kabla ya kutoa amri inayobadili kitu.

5. Kutengeneza saraka na kuhamisha mafaili

Katika orodha uliyoiona, vipimo vya mvua vimechanganyika na barua. Tutavitengea mahali pake. Andika:

    mkdir mvua

Amri ya mkdir hutengeneza saraka mpya. Utashangaa kuona kwamba kompyuta haijibu neno. Inaonyesha tena alama ya kungojea, basi. Usidhani kwamba imekataa. Desturi ya mfumo huu ni kunyamaza amri inapotendeka, na kusema kunapokuwa na tatizo. Ili uhakikishe, andika ls tena. Utaona jina la mvua limeongezeka.

Sasa hamisha faili la kwanza:

    mv mvua-2024-03.txt mvua/

Amri ya mv huhamisha. Jina la kwanza ni kitu kinachohamishwa. Jina la pili ni mahali kinapokwenda. Tumeweka mkwaju mwishoni mwa jina la mvua kwa sababu maalumu. Amri hii ya mv hutumika pia kubadili jina la faili. Kama saraka ya mvua isingekuwapo, nasi tukaacha kuweka mkwaju, kompyuta ingedhani kwamba tunataka faili lenyewe liitwe mvua. Tukiweka mkwaju, kompyuta itajua kwamba tunataka saraka, na isipoiona italalamika. Ni heri kompyuta ilalamike kuliko itende jambo tusilolitaka.

Yapo mafaili mawili yaliyobaki. Tunaweza kuyahamisha kwa amri moja:

    mv mvua-2024-*.txt mvua/

Nyota iliyo katikati ya jina maana yake ni "herufi zozote". Kwa hiyo kila faili ambalo jina lake linaanza kwa mvua-2024- na kuishia kwa .txt litahamishwa. Kama mngekuwa na mafaili ya miezi 12, amri hii moja ingetosha. Hapo ndipo tunapoona faida ya amri.

Jihadhari: ukihamishia faili mahali penye faili jingine lenye jina hilohilo, lile la kwanza hufutika, wala hutaulizwa. Ukitaka kompyuta ikuulize, ongeza -i baada ya amri, hivi: mv -i. Kompyuta itauliza, nawe utajibu kwa herufi y ukikubali, au n ukikataa.

6. Kuchagua majina

Jina zuri la faili humwambia mtu kilichomo bila kulifungua. Fuata kanuni hizi:

Kwanza, usiache nafasi ndani ya jina. Kwa kompyuta, nafasi ni mpaka kati ya jina moja na jingine. Ukiandika mvua machi.txt, kompyuta itadhani kwamba umetaja mafaili mawili. Tumia kistari badala ya nafasi.

Pili, chunga herufi kubwa na ndogo. Katika Linux, Mvua.txt na mvua.txt ni mafaili mawili mbalimbali. Ni vema kutumia herufi ndogo daima.

Tatu, ukiandika tarehe, anza na mwaka, kisha mwezi kwa tarakimu mbili. Mwezi wa tatu uandikwe 03, wala si 3. Sababu yake ni kwamba ls hupanga majina kwa kulinganisha alama moja moja kuanzia mwanzo. Ukiandika mvua-3 na mvua-10, mwezi wa kumi utatangulia mwezi wa tatu, maana 1 hutangulia 3. Ukiandika 03 na 10, miezi itajipanga sawasawa.

7. Kutembea kati ya saraka

Ili uingie katika saraka ya mvua, andika:

    cd mvua

Sasa andika pwd. Kompyuta itajibu:

    /home/darasa6/mvua

Andika ls, nawe utayaona mafaili yako matatu. Ukitaka kurudi nyuma hatua moja, andika:

    cd ..

Nukta mbili maana yake ni saraka iliyo juu ya hii, kama vile kata ilivyo juu ya kijiji. Ukipotea kabisa, andika cd peke yake, bila neno jingine. Popote ulipo, amri hiyo itakurudisha nyumbani, yaani katika saraka yako ya kwanza.

8. Kunakili

Wahenga walisema: Akiba haiozi. Akiba ya mafaili ni nakala. Amri ya cp hufanya nakala ya faili. Ukitaka kunakili saraka nzima pamoja na vyote vilivyomo, ongeza -r. Rudi katika saraka ya darasa6, kisha andika:

    cp -r mvua nakala-mvua

Sasa una saraka mbili zenye mafaili yaleyale. Lakini je, una hakika? Usikubali tu, hakikisha. Andika:

    diff -r mvua nakala-mvua

Amri ya diff hulinganisha. Ikikuta tofauti, itazitaja. Ikinyamaza, nakala yako ni sahihi. Inakupasa kufanya hivi kila mara, kwa sababu nakala isiyokaguliwa ni kama ghala ambalo halijafunguliwa tangu mavuno: huenda nafaka imo, huenda wadudu wameimaliza.

Iko hatari nyingine. Nakala iliyomo katika kompyuta hiyohiyo hupotea pamoja na kompyuta. Moto ukitokea, au mwizi akiingia, au diski ikiharibika, vyote viwili vitakwenda. Kwa hiyo nakala ya pili yafaa iwekwe katika flashi, na flashi hiyo itunzwe katika chumba kingine au nyumba nyingine. Madaftari ya vipimo nayo yasitupwe. Daftari ni nakala nzuri isiyohitaji umeme.

9. Kufuta

Faili lisilohitajiwa hufutwa kwa amri ya rm:

    rm jaribio.txt

Ili ufahamu kwa nini amri hii ni nzito, inafaa ujue kinachotendeka ndani ya kompyuta. Tumesema kwamba saraka hutunza orodha. Saraka ni kama daftari la majina: linaonyesha jina la kila faili, na linaiongoza kompyuta mpaka mahali yalipo maandishi ya faili hilo juu ya diski. Ukihamisha faili toka saraka moja hadi nyingine katika sehemu hiyohiyo ya diski, maandishi yenyewe hayasogei. Kinachobadilika ni orodha tu. Ndiyo maana kuhamisha faili kubwa huchukua muda mfupi sana, lakini kulinakili huchukua muda mrefu.

Ukifuta, jina huondolewa katika orodha, na mahali palipokuwa na maandishi huhesabiwa kuwa pako wazi. Kompyuta iko huru kuandika kitu kingine hapo wakati wowote. Pengine fundi mwenye vifaa maalumu anaweza kuokoa kilichofutwa ikiwa hakijaandikwa juu yake, lakini usitegemee bahati hiyo. Unapofuta kwa kubonyeza picha, mara nyingi faili huenda kwanza katika pipa la taka, nawe unaweza kulirudisha. Amri ya rm haina pipa.

Sasa linganisha amri hizi mbili:

    rm jaribio*

    rm jaribio *

Zinafanana sana. Ya kwanza hufuta mafaili yote ambayo majina yake yanaanza kwa jaribio. Ya pili ina nafasi moja kabla ya nyota. Kumbuka kwamba nafasi hutenga majina. Kwa hiyo kompyuta inasoma mambo mawili: futa faili liitwalo jaribio, kisha futa kila faili lililomo. Kama hakuna faili liitwalo jaribio, kompyuta italalamika kwamba haikuliona. Lakini juu ya mafaili mengine yote iliyoyafuta haitasema neno, kwa sababu kwayo amri imetendeka vizuri. Vipimo vya masika nzima vingepotea kwa nafasi moja tu.

Ili usipatwe na msiba huo, fuata hatua hizi nne kila unapotaka kufuta:

Kwanza, andika pwd uone uko wapi.

Pili, andika ls pamoja na maneno yaleyale unayokusudia kufuta. Kwa mfano, ls jaribio*. Kompyuta itakuonyesha majina yatakayofutwa. Yasome yote.

Tatu, hakikisha kwamba ipo nakala ya kila faili lenye thamani.

Nne, tumia rm -i badala ya rm. Kompyuta itauliza kwa kila faili kabla ya kulifuta.

Saraka iliyo tupu hufutwa kwa rmdir. Amri hiyo ni salama, kwa sababu ikikuta saraka ina kitu chochote ndani yake hukataa. Iko pia amri ya rm -r, ambayo hufuta saraka pamoja na vyote vilivyomo. Usiitumie amri hiyo mpaka mwalimu wako awe karibu nawe.

10. Jinsi filamu ilivyokaribia kupotea

Usidhani kwamba makosa ya namna hii huwapata wanafunzi tu. Mwaka 1998 wafanyakazi wa kampuni ya Pixar, katika jimbo la California, Marekani, walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Picha zote za filamu hiyo zilitengenezwa kwa kompyuta na kutunzwa katika mafaili. Siku moja mtu fulani alitoa amri ya rm mahali pasipostahili. Wafanyakazi waliokuwa wakitazama kioo waliona mafaili yakitoweka mbele ya macho yao. Walikimbia kuzima mashine, lakini walikuwa wamechelewa. Kwa maelezo yao wenyewe, karibu asilimia 90 ya kazi yao ilikuwa imefutika.

Hawakuvunjika moyo mara moja, kwa sababu walijua kwamba walikuwa na mashine ya kufanya nakala. Walipoifungua akiba hiyo, waligundua kwamba haikuwa imefanya kazi vizuri kwa muda, wala hakuna aliyekuwa ameikagua.

Ndipo Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi wa filamu hiyo, alipokumbuka jambo. Alikuwa amejifungua mtoto, naye alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Kwa sababu hiyo nyumbani kwake palikuwa na kompyuta yenye nakala ya filamu. Waliifunga kompyuta hiyo katika mablanketi na kuisafirisha kwa gari polepole hadi ofisini. Kutokana na nakala hiyo, na kazi kubwa ya kukagua faili moja moja, waliweza kuendelea. Filamu ilionyeshwa mwaka 1999.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, nakala iliyookoa kazi ni ile iliyokuwa katika nyumba nyingine. La pili, nakala ambayo haikukaguliwa haikusaidia kitu. Nakala ya nyumbani haikuwekwa kwa ajili ya hatari. Ilikuwapo kwa bahati. Wewe usingoje bahati.

11. Zoezi: kompyuta ya maboksi

Zoezi hili linaweza kufanyika hata kama shule yenu haina kompyuta, au umeme umekatika.

Vifaa: maboksi matatu matupu yanayoweza kuingiana, vipande vya karatasi, na kalamu.

Njia: Andikeni darasa6 juu ya boksi kubwa, mvua juu ya la kati, na nakala juu ya dogo. Juu ya kila kipande cha karatasi andikeni jina la faili. Wekeni karatasi zote katika boksi kubwa. Mwanafunzi mmoja atakuwa kompyuta. Mwingine atakaa akiyapa maboksi kisogo, ili asione kilichomo, naye atatoa amri kwa kuziandika katika karatasi. Amri ziwe zile mlizojifunza katika somo hili.

Kanuni ni moja. Mwanafunzi aliye kompyuta atende kilichoandikwa, asiongeze wala asipunguze. Jina likikosewa hata herufi moja, aseme: "Halipo." Akiamriwa kufuta, achane karatasi bila kuuliza. Aliyetoa amri ajaribu kuhamisha mafaili yote ya mvua katika boksi lake, na kufuta faili la jaribio peke yake.

Baada ya zoezi, jadilianeni: Ni amri gani zilizomsaidia mtoa amri ajue hali ya maboksi asiyoyaona? Ni karatasi gani zilizochanwa kwa makosa, na kwa nini?

Mambo ya kukumbuka

Faili ni maandishi, picha au hesabu zilizopewa jina moja. Saraka ni mahali panapotunza orodha ya mafaili. Njia ni anwani ya faili.

pwd huonyesha ulipo. ls huorodhesha vilivyomo. cd hukuhamisha wewe. mkdir hutengeneza saraka. mv huhamisha au hubadili jina. cp hunakili. diff hulinganisha. rm hufuta faili. rmdir hufuta saraka tupu.

Kompyuta hutenda ulichoandika, si ulichokusudia. Tazama kwanza, nakili pili, futa mwisho.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya faili na saraka.

2. Katika njia ya /home/darasa6/mvua, ni saraka ipi iliyo ndani ya home?

3. Umetoa amri ya mkdir, na kompyuta haikujibu kitu. Utajuaje kama amri imetendeka?

4. Panga majina haya kama ls itakavyoyapanga: mvua-9, mvua-11, mvua-2. Kisha yaandike upya ili miezi ifuatane sawasawa.

5. Kwa nini kuhamisha faili kubwa katika sehemu hiyohiyo ya diski ni upesi kuliko kulinakili?

6. Mwanafunzi ameandika rm barua *, lakini bado hajabonyeza Enter. Mweleze kitakachotokea akibonyeza, na amri anayopaswa kuandika kwanza.

7. Shule moja ina vipimo vya mvua vya miaka 10 katika kompyuta moja tu. Andika mpango wa kuvitunza. Taja nakala zitakuwa ngapi, zitawekwa wapi, na nani atazikagua kila mwezi.